Mchana Kengele za Ohio Zilipokaa Kimya

Alhamisi ya 14 Agosti 2003, saa nane na dakika 14 mchana, kengele za tahadhari ziliacha kufanya kazi katika chumba cha udhibiti wa umeme cha kampuni ya FirstEnergy, jimboni Ohio, Marekani. Hakuna aliyeshtuka. Kwa watu wa kazi ile, ukimya ni dalili ya siku njema: laini zote zina umeme, hakuna swichi iliyojikata. Kumbe programu ya kengele ilikuwa imekwama, na hapakuwa na kengele nyingine ya kuwajulisha hilo.

Kinachoniuma ni kwamba haya yalitokea Ohio, jimbo ambako mhandisi mmoja alitafuta mapema namna ya kuilinda gridi kwa kompyuta. Kabla ya kompyuta kupewa kazi hiyo, mwongoza gridi alitegemea ramani ya ukutani na simu: watu wa vituo walisoma mita na kumpigia. Lakini umeme haumsubiri mtu anyanyue simu. Jioni ya 9 Novemba 1965, relei moja ya kituo cha Sir Adam Beck, Ontario, ilikata laini, mzigo ukahamia laini za jirani, nazo zikajikata kwa zamu. Watu wapatao milioni 30 wa Kanada na Marekani wakaachwa gizani.

Wakati huo, mjini Cleveland, Ohio, mhandisi mzaliwa wa Ufilipino, Tomas Dy Liacco, aliyeajiriwa na kampuni ya umeme ya mji huo, alikuwa akitafuta namna ya kuipa kompyuta kazi ya ulinzi. Mwaka 1967 aliandika kwamba gridi ina hali tatu: ya kawaida, ya dharura na ya kurejeshwa, na kompyuta iwe ikiuliza kila mara gridi ipo katika hali gani. Muda mfupi baadaye Fred Schweppe, wa chuo cha MIT, alionyesha jinsi ya kuchukua vipimo vingi visivyoafikiana, vingine vya uongo, na kukokotoa kutoka humo picha moja ya gridi nzima. Hadi leo vyumba vya udhibiti duniani vinaendeshwa kwa fikra hizo mbili.

Kampuni ya Cleveland baadaye ilimezwa na miungano iliyozaa FirstEnergy.

Turudi kwenye ule mchana. Saa nane na dakika 32, kampuni jirani ilipiga simu: laini ya Star–South Canton imejikata na kujirudisha, mmeona? Skrini za FirstEnergy hazikuonyesha kitu. Dakika tisa baadaye seva kuu ikaanguka, kisha ile ya akiba. Mafundi wa kompyuta waliitwa, wakaiwasha seva upya, lakini hawakuwauliza waliokuwa zamu kama kengele zimerudi. Ukurasa mmoja wa skrini ulichukua hadi sekunde 59 kufunguka.

Huko Indiana, kwenye ofisi ya msimamizi wa gridi ya eneo lile, programu iliyotokana na wazo la Schweppe ilikuwa nayo haifanyi kazi. Mchambuzi alizima mzunguko wake wa kujiendesha ili arekebishe kosa, akasahau kuuwasha tena, akaenda kula chakula cha mchana.

Nje, jua lilikuwa kali na waya zinalegea. Saa tisa na dakika tano laini ya Harding–Chamberlin, ya kilovoti 345, iligusa mti ikajikata. Ilikuwa imebeba asilimia 44 tu ya uwezo wake wa dharura. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Saa kumi na dakika tano laini ya Sammis–Star ilipokatika kwa kuzidiwa na mzigo, mkono wa binadamu haukuweza tena kuzuia chochote. Katika dakika chache watu takriban milioni 50 walikosa umeme, na mjini New York maelfu walivuka madaraja kwa miguu kurudi makwao.

Ilichukua wiki nyingi kupekua msimbo na kukuta kosa: michakato miwili iligombea data moja kwa wakati mmoja, na programu ya kengele ikazunguka pale pale bila kutoka.

Kanuni za usalama wa gridi, zilizokuwa za hiari, zilianza kuwa na nguvu ya sheria nchini Marekani Juni 2007. Mojawapo inazilazimisha kampuni kuzuia miti isizikaribie laini zao.