Waliuza Jina la Ukoo, Wakabaki na Mgahawa

Mwaka 1940 ndugu wawili walifungua mgahawa San Bernardino, California, wakaupa jina la ukoo wao: McDonald's. Mwaka 1948 wakapunguza menyu, baga zikawa zinatoka chapchap. Mwaka 1954 akatokea muuza mashine za milkshake, akaomba kufungua migahawa kama huo kwingineko. Jamaa alilitaka hasa lile jina. Aliona la kwake halina mvuto. Mwaka 1961 akanunua biashara yote, jina likiwemo, kwa dola milioni 2.7.

Ndugu wale walibaki na mgahawa wao wa kwanza, ila jina lao wenyewe marufuku. Wakauita Big M. Jamaa akafungua McDonald's jirani, Big M ikafa. Yaani bwana, walishindwa na jina la baba yao!