Mizani: nyingi kwa mpira, chache kwa ngoma

Neno mizani lina asili ya Kiarabu. Dukani hupima sukari na mchele. Barabarani malori husimama mizani. Ndugu yake, uzani, utamsikia kwenye ndondi: bondia wa uzani wa juu. Katika ushairi wetu, mizani ni silabi, na shairi la kawaida huwa na mizani 16 katika mshororo, 8 kila kipande.

Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa. Maneno mpira na ngoma yana herufi tano kila moja, lakini ngoma ina mizani 2 (ngo-ma), sawa na paka, ilhali mpira una 3 (m-pi-ra), maana hiyo “m” hutamkwa peke yake. “Mpira wavuta wengi” ni mizani 8 kamili. Sema “ngoma yavuta wengi”, umebaki na 7, na mwimbaji atalazimika kuvuta sauti ili kuziba pengo.

Mashairi yetu yalitungwa yaimbwe. Basi, kijana unayetunga, usihesabu herufi kwa macho. Ghani kwa sauti, piga kofi kila silabi, na sikio litakuonyesha palipopungua.