Homa ya Papasi katika Njia ya Misafara

Katika mwaka wa jubilei ni desturi yetu kuwakumbuka waliotutangulia: mapadre na mabruda, masista, makatekista na walimu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini njia waliyoifuata kuja Unyanyembe ilikuwa imekwisha kanyagwa na maelfu ya wengine, nao ni wapagazi Wanyamwezi waliochukua pembe na nguo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wengi wao hawakuandikwa majina popote. Basi tumeona vema kueleza habari za adui mmoja aliyelala nao kambini, kwa maana hata leo hajaondoka katika nchi, ila amesahauliwa.

Adui huyo ni papasi. Ni mdudu wa jamii ya kupe, mwenye rangi ya udongo, akaaye katika nyufa za kuta na mavumbi ya sakafu. Mchana hujificha. Usiku hutoka, humwuma mtu aliyelala, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka bila chakula akingoja mgeni. Kwa hiyo vibanda vya misafara vilikuwa maskani yake bora: leo wamelala hawa, kesho wale, na katika mikeka na mizigo yao papasi alisafiri toka kambi hata kambi.

Aliyeambukizwa hushikwa na homa kali, kichwa na viungo vikimwuma. Baada ya siku chache homa humwacha, naye hudhani amepona; lakini baada ya juma moja hivi humrudia, pengine tena na tena.

Mwaka 1904 waganga Ross na Milne walionyesha huko Uganda ya kuwa homa hii huletwa na papasi. Dutton na Todd waliithibitisha habari hiyo katika Kongo, nao wote wawili wakaugua. Dutton akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, katika mji uliounganishwa na Ujiji na Tabora kwa njia za misafara. Mwaka uo huo 1905 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alichunguza papasi katika vibanda vya misafara vya nchi yetu, akaona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Maana yake, papasi mama huwarithisha watoto wake ugonjwa, na kibanda kikisha ingiliwa hubaki na hatari hata kama hakuna mgonjwa aliyelala humo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikakoma. Papasi hakukoma. Alibaki katika nyumba za udongo za watu maskini. Huko Mvumi, katika Ugogo, njia ile ile ilikopita, waganga wa mwisho wa karne ya 20 waliona ya kuwa wanaoumia zaidi ni watoto wachanga na akina mama wajawazito, ambao huweza kuharibikiwa mimba.

Tufikiri sasa juu ya ukoma. Nao huletwa na bakteria, lakini umetajwa katika Injili, na kwa sababu hiyo Wakristo wa nchi nyingi wametoa sadaka kwa ajili ya wakoma. Tena tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure duniani kwa njia ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo lina orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na ndani yake umo ukoma, imo buba, na trakoma ipofushayo macho. Homa ya papasi haimo. Imesahauliwa hata miongoni mwa yaliyosahauliwa. Na ugonjwa usiohesabiwa haupewi fedha.

Tena liko jambo jingine. Zamani damu ya mwenye homa ilitazamwa kwa darubini, na vijidudu vya papasi vikaonekana pamoja na vya malaria. Kipimo cha haraka cha siku hizi chatambua malaria tu. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa hana malaria, akarudi nyumbani na homa yake, ingawa penisilini au tetrasaiklini ingemponya. Dawa hizo zitolewe hospitali, kwa kuwa saa za kwanza mwili waweza kutetemeka na homa kupanda sana.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto kuziba nyufa na kulala kitandani, mbali na ukuta. Nanyi wazazi, homa ikienda na kurudi, mwombeni mganga aitazame damu kwa darubini wakati homa ilipo juu. Wapagazi wale hatuwezi kuwaponya tena. Wajukuu wao wamo katika parokia zetu, na hao twaweza.