Siti Zilianza Kuhama Kitambo

Wasee, kugeuza van si mambo ya juzi. Mafundi wa jua kali walichukua van za mizigo kutoka Japani, wakakata madirisha, wakafunga siti, ikawa matatu. Nissan ilibeba abiria 18, wamebanana kama omena. Kisha 1 Februari 2004 sheria za John Michuki zikaanza: abiria 14, kila mmoja na mkanda, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Siti zikang'olewa, zikapangwa upya.

Kwa hivyo ukiona kijana hapa Yamumbi anasongesha siti ya nyuma apate nafasi ya kitanda, usimcheke. Muulize tu: bolti zimeshika chuma ama bati ya sakafu? Gari ikigonga, siti iliyoshikwa na bati pekee hung'oka pamoja na aliyeikalia.