Telesenta za vijijini nchini Tanzania

Telesenta ni kituo ambapo wananchi wa sehemu moja hutumia kwa pamoja kompyuta, intaneti, simu na mashine za kuchapia, kwa kulipa ada ndogo au bila malipo. Nchini Tanzania huitwa pia kituo cha habari na mawasiliano. Vituo hivyo vililenga hasa wilaya za wakulima, ambako kaya nyingi haziwezi kununua kompyuta zao wenyewe. Kufuatana na sensa ya mwaka 2022, karibu theluthi mbili za Watanzania waliishi vijijini.

Historia

Telesenta inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1985 huko Vemdalen, kijiji cha Uswidi. Kusudi lake lilikuwa kuwapatia wakazi wa mbali mafunzo, kazi na huduma bila kuhamia mjini. Katika miaka ya 1990 wazo hilo lilifika Afrika. Katika Afrika ya Mashariki mfano uliojulikana sana ni kituo cha Nakaseke, Uganda, kilichoanzishwa kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, yakiwemo UNESCO na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU). Huko wanawake wakulima ambao hawakujua Kiingereza walitumia diski ya kompyuta iliyowapa maelezo kwa sauti, katika lugha ya Kiluganda, kuhusu njia za kujipatia kipato. Ilionekana kwamba kutojua Kiingereza si lazima kumzuie mtu kutumia kompyuta, mradi yaliyomo yameandaliwa kwa ajili yake.

Tanzania ilichelewa kidogo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua baadaye, na huduma ya intaneti ya kibiashara ilianza katikati ya miaka ya 1990, karibu yote ikiwa Dar es Salaam. Sera ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) ilitolewa mwaka 2003.

Baadhi ya vituo vilivyotangulia

Sengerema, mkoani Mwanza: kituo kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na wafadhili wa nje. Pamoja na kompyuta kilikuwa na redio ya jamii, hivyo habari zilizopatikana kwenye intaneti ziliwafikia pia watu wasiofika kituoni.

Magu, mkoani Mwanza: kituo cha CROMABU kilijikita katika kuwapa wakulima bei za mazao.

Karagwe, mkoani Kagera: shirika la FADECO liliunganisha ushauri wa kilimo, kompyuta na redio.

Bunda na Serengeti, mkoani Mara: mradi wa COSTECH na wataalamu kutoka Uswidi ulijenga mtandao wa wilaya kwa kutumia nyaya za mawasiliano zilizopita pamoja na njia za umeme.

Matumizi kwa mkulima

Matumizi yaliyotarajiwa zaidi yalikuwa habari za soko. Mkulima asiyejua bei ya mjini huipokea ile anayotajiwa na mnunuzi anayefika na lori. Akishajua bei ya sokoni anaweza kuondoa gharama ya usafiri, ushuru na faida ya mfanyabiashara, kisha akaona kama anachopewa ni haki. Anaweza pia kukataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo kwa bei ya gunia moja.

Hata hivyo kompyuta peke yake haikutosha. Katika mradi wa First Mile, ulioendeshwa tangu mwaka 2005 chini ya programu ya masoko ya mazao iliyofadhiliwa na IFAD, vikundi vya wakulima viliteua watu wa kuzunguka sokoni na kuchunguza bei, aina za bidhaa zinazotakiwa na majina ya wanunuzi. Watu hao waliitwa mashushushu. Taarifa zao zilisambazwa kwa simu, barua pepe na mbao za matangazo vijijini. Ufanisi ulitegemea watu walioaminiwa na wenzao pamoja na wingi wa mazao, kwa kuwa mkulima mwenye magunia mawili hana nguvu ya kubishana na mnunuzi, lakini kikundi chenye magunia mia mbili kinayo.

Vikwazo

Umeme. Kompyuta ya mezani yenye kioo cha zamani hutumia takriban wati 150. Kompyuta kumi za namna hiyo zikiwashwa kwa saa tano hutumia uniti 7.5 za umeme. Kompyuta mpakato kumi za wati 40 hutumia uniti 2 tu kwa muda huohuo. Kwa sababu hiyo vituo vinavyotegemea paneli za jua hunufaika na mpakato, hata kama bei ya kuzinunua ni kubwa zaidi. Betri nazo huchoka na kuhitaji kubadilishwa.

Intaneti. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, Tanzania ilitegemea satelaiti. Satelaiti hizo zilikuwa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia, hivyo kila ombi na jibu lake vilichukua nusu sekunde au zaidi, na gharama ya kila mwezi ilikuwa kubwa kuliko mapato ya kituo cha kijijini. Wafadhili walipoondoka vituo vingi vilishindwa kulipia.

Matengenezo. Vumbi, joto, na pwani hewa ya chumvi, huharibu mashine upesi. Pasipo fundi karibu, hitilafu ndogo huweza kufunga kituo kwa miezi.

Lugha. Programu nyingi zilikuwa kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Muda. Kituo kikifunguliwa saa za kazi tu, wanawake wenye shughuli za shamba, maji na mapishi hukikosa, na wavulana wa shule huwa ndio watumiaji wakuu.

Mkange na ukanda wa Bagamoyo

Kata ya Mkange iko Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, upande wa kaskazini wa mto Wami na karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mazao ya ukanda huu ni pamoja na mahindi, muhogo, ufuta, korosho na nazi. Hali yake inaonyesha kwamba ukaribu wa ramani si ukaribu wa mawasiliano. Mikongo ya baharini inaingia nchini Dar es Salaam, kwenye pwani hiyohiyo, lakini kampuni za simu hujenga kwanza minara penye wateja wengi. Vijiji vilivyotawanyika, vyenye mashamba na mapori katikati, huja mwisho. Kwa ajili ya maeneo ya namna hii Bunge lilitunga mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kupeleka huduma mahali pasipo faida ya kibiashara.

Hali ya sasa

Kuenea kwa simu za mkononi kumepunguza haja ya telesenta za zamani. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo bei za mazao hupatikana kwa simu. Lakini simu ndogo haitoshi kwa kila kazi. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira za serikali hufanyika kwenye mtandao. Wakulima waliotaka mbolea ya ruzuku kuanzia mwaka 2022 walitakiwa wawe wameandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Kijana wa kijijini asiye na mahali pa kujazia fomu na kuchapa vyeti hulazimika kupanda gari hadi mjini, na asiye na nauli huweza kupitwa na tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo vituo vya pamoja vinaendelea kwa sura nyingine: vyumba vya kompyuta katika shule za sekondari za kata, maktaba, na mitandao inayomilikiwa na jamii kama ule wa Kondoa, mkoani Dodoma. Penye intaneti dhaifu hutumika pia programu kama Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo huhifadhi Wikipedia na vitabu ndani ya kompyuta ndogo ili wanafunzi wasome bila kuunganishwa na mtandao.