Jiko Lisilo na Nafasi ya Mtoto: Kazi na Malezi katika Filamu ya Bella Martha

Mwaka 2001 mwongozaji wa Kijerumani Sandra Nettelbeck alitoa filamu ya Bella Martha, ambayo hadithi yake aliiandika mwenyewe. Mhusika mkuu, Martha Klein, ni mpishi mkuu wa mgahawa wa Lido mjini Hamburg. Hana mume wala mtoto, na maisha yake yote yamo jikoni. Dada yake anafariki katika ajali ya gari, na Lina, binti wa marehemu mwenye umri wa miaka minane, anaangukia mikononi mwake. Miaka sita baadaye Hollywood iliitengeneza upya kwa jina la No Reservations, chini ya uongozi wa Scott Hicks. Catherine Zeta-Jones aliigiza mpishi Kate, na hadithi ikahamishiwa New York.

Filamu hizi mbili hutiwa kapu moja. Husemwa kwamba zote zinasimulia habari ya mwanamke aliyezama kazini hata akasahau kuishi, mpaka mtoto na mwanamume wakamwokoa. Makala haya yanapinga usomaji huo. Nettelbeck hamhukumu Martha kwa kuipenda kazi yake. Anatuonyesha kazi iliyopangwa kana kwamba anayeifanya hana mtu wa kumngoja nyumbani, kisha anamfikisha Martha mahali ambapo anaweza kuyakataa malezi bila lawama ya yeyote. Toleo la Marekani liliifuta njia hiyo ya kukataa, na kwa kuifuta likapoteza uzito wa hadithi nzima.

Tuanze na jiko lenyewe. Utaratibu wa majiko makubwa ya Ulaya, anaoutumikia Martha, ulijengwa kwa kiasi kikubwa na Mfaransa Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19. Escoffier alikuwa amepikia jeshi katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, na nidhamu ya kijeshi aliihamishia kwenye majiko ya hoteli, ikiwamo Savoy ya London. Kila mpishi alipewa kituo chake: huyu michuzi, yule samaki, mwingine nyama za kuchoma. Amri zilitoka kwa mpishi mkuu, na wa chini walizitii. Utaratibu huo umelisha watu vizuri kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini saa ambazo jiko la mgahawa limechachamaa ndizo saa ambazo mtoto anapaswa kula, kuogeshwa na kulazwa. Lina anapofika, Martha anahangaika kutafuta yaya na kushindwa, kisha anaanza kumchukua mtoto kwenda naye kazini usiku. Matokeo yake Lina anasinzia darasani, na shule inamwita Martha ajieleze.

Tukio hilo la shule hupitwa haraka, nami naona ndilo kitovu cha filamu. Martha hajamtelekeza mtoto. Amemweka karibu naye kwa njia pekee ambayo kazi yake inaruhusu, na njia hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kosa. Anapomzuia Lina asifike tena jikoni, mtoto anaona amefukuzwa na kujaribu kutoroka. Ukitaka kumlaumu Martha hapo, sema kwanza ni lipi lililokuwa chaguo jema. Tena filamu inaweka dokezo jingine: Mario, mpishi wa Kiitalia, anaajiriwa Lido kwa kuwa Lea, msaidizi wa Martha, anakaribia kujifungua. Uzazi unaligusa jiko hilo kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na jibu la jiko ni kuleta mtu wa kuziba pengo.

Hata tiba anayopewa Martha ina maana hiyo. Anapogombana na wateja (mmoja aliyelalamikia nyama yake analetewa pande bichi mezani), mwenye mgahawa, Frida, anamtaka aende kwa mtaalamu wa saikolojia kama anataka kubaki kazini. Martha anakwenda, na badala ya kuzungumzia moyo wake anazungumzia mapishi. Kazini, pumzi zikimwishia, hujifungia kwenye chumba cha baridi. Mwajiri ameamua kwamba kasoro imo ndani ya mfanyakazi, kwa hiyo anatibiwa mfanyakazi, na saa za kazi zinabaki zilivyokuwa. Wengi wanaosema Martha ni mgonjwa wa kazi wanarudia uamuzi wa Frida bila kujua.

Chakula ndicho kinachobeba huzuni ya filamu hii. Lina anagoma kula. Mpishi anayesifiwa kuwa miongoni mwa walio bora mjini hawezi kumfanya mtoto mmoja ameze tonge, kwa sababu kila anachompikia kinakuja kama mtihani: Martha anasimama akitazama, akingoja kama anavyongoja hukumu ya mteja. Mario hafanyi hivyo. Anakula tambi zake karibu na Lina, anamwachia sahani kana kwamba ana jambo la kuwahi, na mtoto anakula. Ufundi wa Mario hauzidi wa Martha. Anachojua ni kumpa mtu chakula bila kumdai chochote, na hilo halikuwamo katika vituo vya Escoffier.

Ili kuona Nettelbeck amefika wapi, ilinganishe filamu yake na mbili za Marekani zilizoitangulia. Katika Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, Dustin Hoffman ni mfanyakazi wa kampuni ya matangazo ambaye mkewe anaondoka na kumwachia mtoto wa kiume. Anajifunza ulezi kwa tabu, anafukuzwa kazi, na watazamaji wanamlilia. Filamu ilizoa tuzo 5 za Oscar. Katika Baby Boom ya mwaka 1987, Diane Keaton ni mwanamke wa ofisini anayerithi mtoto mchanga wa jamaa wa mbali. Yeye anapoteza cheo, anahamia Vermont, na anapata amani anapoanza kuuza chakula cha watoto. Mwanamume akilea, ulezi unahesabiwa ushujaa ulioongezwa juu ya kazi. Mwanamke akilea, sharti kazi yake ifanane na ulezi ndipo asamehewe. Martha anaukataa mkataba huo. Mwisho wa hadithi bado ni mpishi, na bado ni hodari na mkali. Kilichobadilika ni kwamba jiko lake sasa lina nafasi ya wengine.

Hapa ndipo baba wa Lina anapokuwa muhimu. Katika filamu ya Kijerumani, Giuseppe anaishi Italia, na ni Martha mwenyewe anayeanza kumtafuta, Mario akimsaidia kwa Kiitaliano. Giuseppe anakuja, mtu mwema mwenye familia yake, na anamchukua bintiye. Sheria imetimia, wajibu wa Martha umekwisha, na angeweza kurudi Lido akiwa huru kabisa. Anaacha kazi na kumfuata Lina. Safari hiyo ya Italia ndiyo inayomfanya kuwa mlezi kwa hiari yake. Katika No Reservations hakuna mzazi anayekuja kumdai mtoto. Kate ni mlezi wa Zoe, mtoto anayeshika nafasi ya Lina, tangu mwanzo na hana njia nyingine, hivyo mvutano unahamia kwa Nick, mpishi anayeshika nafasi ya Mario, na swali kubwa linakuwa nani atalishika jiko na nani atampenda nani. Mtoto amegeuzwa daraja la kuwaunganisha wapenzi wawili.

Filamu ya Nettelbeck ina udhaifu. Mwitalia anayeimba na Mjerumani asiyejua kucheka ni picha zilizochakaa, na bila uigizaji wa Sergio Castellitto, aliyepata Tuzo ya Filamu ya Ulaya mwaka 2002, Mario angebaki kikaragosi. Ndoa ya Martha na Mario, pamoja na mgahawa wao wenyewe, ni jibu la watu wawili walioweza kufungua biashara. Lea, aliyejifungua, hana jibu lolote katika hadithi hii. Nasikitika kwamba mwongozaji aliyeiona shida kwa uwazi namna hiyo hakurudi kumuulizia.

Hata hivyo, kati ya filamu hizi mbili, Bella Martha ndiyo inayostahili kufundishwa. Mwalimu wa filamu mwenye nafasi ya kuonyesha moja tu aonyeshe ya mwaka 2001, na awaulize wanafunzi wake kwanza kuhusu Lea.