Kazi ya Kuhakiki Habari Mjini Bujumbura: Kutoka Chumba cha Habari hadi Simu ya Mkononi, 1993–2022

Utangulizi

Malalamiko kuhusu simu za mkononi yanafanana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kifurushi cha intaneti huisha kabla habari haijafunguka. Umeme hukatika wakati betri imekaribia kuzima. Ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana huzunguka katika makundi mengi kwa siku moja, na hakuna awezaye kusema ulianzia wapi. Mara nyingi kero hizi huelezwa kuwa gharama ya usasa, kana kwamba zilikuja ndani ya chombo chenyewe. Makala hii inadai kwamba, kwa Bujumbura, kero iliyo kubwa kuliko zote, yaani kutojua habari ipi ni ya kweli, ina historia ya kisiasa yenye tarehe zinazojulikana. Kazi ya kuhakiki habari, iliyofanywa kwa takriban miaka ishirini na vyumba vya habari vya redio, ilihamishiwa mabegani mwa msikilizaji mmoja mmoja mwaka 2015. Simu ilipokea mzigo ambao haikuutengeneza.

Ukimya wa 1993 na matunda yake

Tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walioasi walimuua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa mwezi Juni mwaka huohuo. Simu zilikatwa na redio ya taifa ikanyamaza. Warundi wengi walipata habari za mapinduzi kupitia Radio Rwanda, iliyotangaza kutoka Kigali. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa katika machafuko yaliyofuata. Watanzania walizoea kuuita uvumi "redio mbao", jina lenye mzaha ndani yake. Katika vitongoji vya Bujumbura vya miaka ile uvumi haukuwa na mzaha: ndio ulioamua mtu alale wapi, apite njia ipi, na amwogope jirani yupi.

Upungufu wa habari haukuwa hatari pekee. Nchini Rwanda, RTLM ilikuwa imeonyesha jinsi redio iwezavyo kuhimiza mauaji, na mwaka 1994 Radio Rutomorangingo ilisikika Burundi ikitangaza chuki kutoka upande wa Zaire. Ni kutokana na mazingira hayo ndipo mwaka 1995 ilipoanzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura, chini ya shirika la Search for Common Ground, ikiwaweka pamoja waandishi Wahutu na Watutsi. Mchezo wake wa redio, Umubanyi Niwe Muryango, uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri, una jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa mara moja: jirani ndiye ndugu. Radio Umwizero, ambayo baadaye ilikuja kuwa Bonesha FM, ilifuata mwaka 1996; Radio Publique Africaine (RPA), iliyoanzishwa na Alexis Sinduhije, mwaka 2001; na Radio Isanganiro mwaka 2002.

Jambo la kuzingatia hapa ni utaratibu wa kazi. Habari ya shambulio ilipofika katika chumba chenye waandishi wa makabila yote mawili, ilibidi ipite mikononi mwa watu wasioshiriki hofu moja. Katika uchaguzi wa 2005 na ule wa 2010, vyombo mbalimbali viliunganisha waandishi wao na kutangaza kwa pamoja, hivyo taarifa ya kituo kimoja iliweza kulinganishwa na ya kingine kabla ya kwenda hewani. Vituo hivi havikuwa na usafi wa malaika, na serikali ilivituhumu mara kwa mara kuegemea upinzani. Hata hivyo, vilikuwa na anwani, mhariri anayejulikana, na mlango ambao mlalamikaji angeweza kuubisha.

Siku za Aprili na Mei 2015

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza tarehe 26 Aprili 2015. Siku iliyofuata RPA ilifungwa, na matangazo ya vituo vingine binafsi yakazuiwa kufika mikoani. Siku chache baadaye WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilizuiwa katika mitandao ya simu, na wakazi wa mji wakajifunza kutumia programu za VPN ili kulikwepa zuio hilo. Kampuni ya Lumitel ilikuwa imeanza kutoa huduma mwezi Machi mwaka huohuo. Hivyo mlango wa redio ulifungwa wakati soko la intaneti ya simu likipanuka.

Tarehe 13 Mei, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi kwamba amemwondoa madarakani rais, aliyekuwa Dar es Salaam kwa mkutano. Mapinduzi hayo yalishindwa. Katika muda wa siku mbili, RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, ilishambuliwa na wapinzani wa serikali. Kila upande uligusa redio ya mwenzake, na hasara ikawa ya msikilizaji wa pande zote. Tarehe 15 Mei, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilitoa hukumu kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi ya mwaka 2013 vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Haki ilipatikana siku moja baada ya vituo kuharibiwa.

Msikilizaji anapofanywa mhariri

Waandishi waliobaki bila vituo hawakuacha kazi. SOS Médias Burundi ilianza katika siku hizohizo kwa kusambaza habari kupitia mitandao ya kijamii, na waandishi waliokimbilia Rwanda wakaanzisha Inzamba, ambayo taarifa zake za sauti zilisafiri kwa simu. Juhudi hizo ziliokoa mengi, lakini hazikuweza kurudisha hali ya awali ya usikilizaji. Taarifa ya redio husikika na wengi kwa saa moja. Mwenye duka, dereva na mpita njia huisikia pamoja na kuibishia pamoja. Ujumbe wa sauti humfikia kila mtu kwa wakati wake, mara nyingi bila jina wala tarehe. Swali la zamani, "Nani amesema?", sasa hujibiwa kwa jina la shemeji au rafiki aliyeutuma, wala si la aliyeshuhudia.

Teknolojia yenyewe ina sehemu yake. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp husimbwa kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuyasoma. Usiri huo humlinda mwenye kutoa habari ya hatari. Humficha pia mzushi. Mwaka 2018 kampuni iliongeza alama ya kuonyesha ujumbe uliosambazwa, na mwaka 2019 ikaweka kikomo cha mazungumzo matano kwa kila usambazaji. Hatua hizo hupunguza kasi ya uvumi bila kusema kama ni kweli.

Wakati huohuo njia za kulinganisha habari zilizidi kuwa finyu. Tovuti ya gazeti la Iwacu ilizuiwa nchini mwezi Oktoba 2017. Matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika yalisimamishwa Mei 2018, na Machi 2019 leseni ya BBC ikafutwa. Siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizuiwa tena. Raia aliyetakiwa kujihakikishia habari alinyang'anywa vitu ambavyo angevitumia kuihakiki.

Hitimisho

Baadhi ya milango imefunguliwa tena: Isanganiro na Rema FM mwaka 2016, Bonesha FM mwaka 2021, na zuio la BBC liliondolewa mwaka 2022. Mitambo inaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja, lakini imani ya msikilizaji kwamba kuna mtu amekwisha kuuliza maswali kabla yake hujengwa polepole.

Kwa watafiti wa Kiswahili somo hili lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi njia za Uvira na Kigoma, ni mahali ambapo habari huvuka mipaka kwa lugha hii. Tunapoandika juu ya kero za teknolojia, inatupasa kuuliza kila mara: kazi hii inayomchosha mtumiaji wa simu leo, nani aliifanya jana, na nani alimwondoa?